Matanga Yaingie Darasani

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya anajua kuandika tanzia. Amefunzwa muundo wake: jina la marehemu, jamaa alioacha, siku ya ibada, mahali pa kuzikwa. Mbolezi anazijua, na sifa zake atazitaja moja baada ya nyingine ili apate alama. Mwambie aandike kumbukumbu za mkutano, atapanga waliohudhuria, waliotuma udhuru na waliokosa bila udhuru, afike kwenye mengineyo, kisha aache nafasi ya sahihi ya mwenyekiti na katibu. Katika somo la dini amesoma desturi za kifo za jamii za Kiafrika tangu kidato cha kwanza, baada ya kuzaliwa, kutahiriwa na ndoa. Halafu kengele inalia, anapanda matatu ya Barabara ya Ngong kurudi Dagoretti au Kawangware, na upande wa City Mortuary anayapita majeneza yaliyopangwa kando ya barabara, mengine ya mbao tupu, mengine yamepakwa vanishi yakang'aa. Hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza yanauzwa pesa ngapi.

Watoto wa Nairobi wanafundishwa lugha ya kifo. Hesabu yake hawafundishwi, wala ugomvi wake. Kisha wanapata kazi ya kwanza, na kabla mshahara wa pili haujaingia simu inatoa mlio: mtu amewatia kwenye kundi la WhatsApp lenye picha ya marehemu na nambari ya kulipia. Kuanzia jioni hiyo wamekuwa wanakamati wa mazishi, na watabaki wanakamati mpaka nao waundiwe kamati. Kazi ya kudumu namna hiyo haina silabasi.

Tuanze na kile ambacho mwalimu wa Kiswahili tayari anacho mkononi. Achukue kurasa za matangazo ya vifo katika gazeti lolote la Nairobi, agawe kila kundi ukurasa mmoja, na awaambie wanafunzi wasome kama wanavyosoma riwaya ya kutahiniwa. Watagundua haraka kwamba tangazo linasema machache sana juu ya marehemu na mengi juu ya walio hai. Baba mpendwa wa fulani wa wizara hii, fulani wa benki ile, fulani wa Marekani. Mbona mwajiri wa mtoto ameingia katika kifo cha baba? Wanafunzi wa Kangemi watajibu bila kusita: ili watu wajue mchango uanzie wapi. Tanzia ya Kenya ni ramani ya mifuko. Waulizwe pia nani hayumo. Binti asiye na kazi ametajwa kwa jina tupu. Mke wa pili yumo tangazo hili, lile hayumo, na huenda tofauti hiyo ikaja kusomwa mahakamani wakati wa kugawa mali.

Kabla ya simu, kazi hiyo ilifanywa na redio. Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ikawa KBC, ilisoma matangazo ya vifo kwa Kiswahili, na nyumba nzima ilinyamaza kusikiliza kama kuna jina la kwao. Mwanafunzi akamwulize bibi yake jambo hilo. Atapata hadithi ndefu kuliko alivyotarajia, na huenda ikawa mara ya kwanza wao wawili kuzungumzia kifo pasipo msiba ndani ya nyumba.

Baada ya lugha ije hesabu, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu kama ningekuwa mwalimu. Bajeti ya mazishi ni swali zuri la hisabati kwa sababu kila mstari wake una mtu nyuma yake. Bei ziwe za darasa lenyewe, zikadiriwe, kisha zisahihishwe na wanafunzi watakapouliza nyumbani. Tuseme mzee amefariki katika hospitali ya Nairobi na atazikwa Siaya, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Mochari inatoza 2,000 kwa siku, na mwili utakaa siku 14: shilingi 28,000. Jeneza 35,000. Gari la kubeba mwili 50,000. Basi la waombolezaji 60,000. Chakula cha watu 300 kwa 200 kila mmoja, 60,000. Hema na viti 20,000. Vipaza sauti na jenereta 12,000. Tangazo, programu zenye picha za rangi na mashada ya maua kutoka City Market, 25,000. Jumla 290,000.

Kisha mwalimu aongeze mstari aliokuwa ameuficha: bili ya hospitali, 210,000. Sasa ni nusu milioni. Kundi lina watu 120. Kila mmoja akitoa sawa, ni kama shilingi 4,170, na darasa zima linajua hawatatoa sawa.

Maswali yenye mafuta yako hapo. Gazeti na mimbari hulaani jeneza la fahari na sahani za pilau, lakini katika bajeti yetu mstari mnene kuliko yote ni wa matibabu. Marehemu ameacha deni la kuugua, na mazishi ndiyo nafasi ya kulikusanyia. Ndiyo sababu hospitali nyingine huzuia mwili mpaka shilingi ya mwisho ilipwe, ingawa mahakama za Kenya zimeshasema zaidi ya mara moja kwamba maiti haiwezi kushikwa kama dhamana ya deni. Tazama pia zile siku 14. Mwili unakaa mochari kwa sababu pesa zinatafutwa, na pesa zinatafutwa zaidi kwa sababu mwili unakaa mochari. Mwanafunzi akipunguza siku hadi tatu, anaokoa 22,000. Anaweza kudhani amepata dawa, hadi mwenzake amkumbushe kwamba kuna shangazi Mombasa, kaka Doha na mkwe Kampala, na kila mmoja anataka kuona uso. Hakuna jibu moja nyuma ya kitabu.

Hapo ndipo wanafunzi Waislamu darasani wana la kusema, na mara nyingi hawaulizwi. Kwao maiti huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuzikwa upesi, aghalabu siku ile ile, katika mji ule ule alikofia. Majirani na watu wa msikiti ndio kamati, na jeneza ni la kubebea tu, linarudi msikitini kumngoja mwingine. Mwanafunzi wa Kihindu ataeleza kuchoma mwili Kariokor. Mtaala umewatenga watoto hawa katika vitabu vitatu vya dini. Somo la gharama linaweza kuwakalisha meza moja, kwa kuwa shilingi haina dhehebu.

Nisieleweke vibaya kuhusu kamati zenyewe. Watu wa kijiji kimoja walioenea Kawangware, Umoja na Rongai hukutana katikati ya jiji jioni, baada ya kazi, kwenye kumbi za makanisa na bustani za hoteli, kwa sababu hapo ndipo matatu zote hufika. Anakuwepo bawabu, anakuwepo mhasibu, anakuwepo mbunge aliyekuja kuonekana. Bawabu anaweza kusimama akamuuliza mweka hazina risiti ya hema. Sijui ni bunge gani jingine Nairobi ambalo swali hilo hujibiwa wiki ile ile. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na hasa baada ya makundi ya WhatsApp kuja, mchango umekuwa wa wazi zaidi: jina linapanda kwenye orodha na kiasi chake kando. Umekuwa na ukali pia. Zamani aliyetoa kidogo alikunja noti mkononi, na hakuna aliyeiona.

Mwalimu wa historia naye anayo kesi ambayo haihitaji kutungiwa. Wakili Silvano Melea Otieno, aliyejulikana kama S.M., alifariki Desemba 20, 1986. Alikuwa na nyumba Lang'ata na shamba Upper Matasia, ng'ambo ya Ngong. Mjane wake, Virginia Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika Matasia. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Mjaluo atazikwa kwa baba zake, Nyalgunga, Siaya. Mwili ukabaki mochari, na mabishano yakaingia Mahakama Kuu, katika jengo la katikati ya jiji ambalo leo ni la Mahakama ya Juu. Umati ulijaa nje, na magazeti yaliisha mapema.

Kwa wanafunzi wa leo, utamu wa kesi hiyo ni aina ya ushahidi uliotolewa. Upande wa mjane ulimchora mtu wa mjini, msomi aliyependa Shakespeare na vipindi vya Perry Mason, ambaye hakuwalea watoto wake kwa mila. Upande wa ukoo ukamwita profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aeleze desturi. Akaja pia mchimba makaburi wa kijijini, akasema S.M. mwenyewe aliwahi kumwambia amchimbie karibu na kaburi la babake. Mwanafalsafa na mchimba kaburi kizimba kimoja! Hoja nzito ya ukoo ilikuwa kwamba kuwa na nyumba Nairobi si kuwa na boma. Jaji Bosire aliuamulia ukoo Februari 13, 1987, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye Mei 15, na S.M. akazikwa Nyalgunga Mei 23, siku 154 baada ya kufa. Mjane hakwenda.

Darasa liigize kesi hiyo upya, lakini kwa sharti moja: mwanafunzi asimtetee wa kabila lake. Mtoto wa Siaya awe wakili wa Wambui, wa Kiambu aseme kwa niaba ya Umira Kager. Nusu ya somo itakuwa imefundishika kwa mpango huo peke yake, maana mwaka 1987 nchi nzima iliisikiliza kesi ile kama mechi ya Wajaluo na Wakikuyu, na jambo la mke na mume likapotea kelele zikizidi.

Na kabla mtu hajasema kwamba mila ni mila, mwalimu alete jambo hili. Miongoni mwa Wakikuyu wa zamani, waliozikwa walikuwa wachache, wazee wenye mali na heshima. Wengine wengi walipelekwa msituni wakaachiwa fisi, na kugusa maiti kulikuwa najisi ya kutakaswa. Kuzika kila mtu kulienea pamoja na misheni na serikali ya kikoloni. Kwa hiyo kaburi la saruji lenye vigae, linalotetewa leo kule Kiambu kana kwamba lilikuwako tangu Gĩkũyũ na Mũmbi, lina umri wa babu wa babu tu. Wanafunzi hushtuka kusikia hivyo. Wacha washtuke, kisha waulize nyumbani kwao ni nini kingine kilichoingia juzi kikaitwa desturi: fulana zenye picha ya marehemu, kamera ya kurusha mazishi mtandaoni, sare za rangi moja. Mwaka 2020 serikali iliposema mazishi yasizidi watu 15 kwa sababu ya korona, yaliyokuwa hayawezekani yaliwezekana ndani ya wiki moja. Amri ilipolegea, mahema yakarudi. Kwa nini yalirudi ni swali bora la insha kuliko "Eleza umuhimu wa mazishi."

Kuna jina linalounganisha yote haya na barabara wanayoipita wanafunzi wa Kangemi kila asubuhi. Wambui Otieno alikuwa kitukuu cha Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Dagoretti na Kabete aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1892, akapelekwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi. Mapokeo ya Wakikuyu yanasema alizikwa akiwa hai, kichwa chini. Jina la Waiyaki leo ni la barabara kuu ya kuelekea Nakuru. Familia moja, karne moja, na mara mbili swali ni lile lile: mtu alazwe wapi, na nani ana neno la mwisho.

Mwendo mfupi tu kando ya barabara hiyo hiyo, katika eneo la Chuo Kikuu cha Nairobi huko Upper Kabete, yamehifadhiwa mabaki ya Profesa Wangari Maathai, kwenye taasisi yenye jina lake. Alifariki Septemba 25, 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, na jeneza likafumwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa Oktoba 8, ibada ikiwa Uhuru Park, bustani aliyoipigania isijengwe jumba refu, kisha mwili ukachomwa Kariokor. Wengi walinung'unika. Askofu mkuu Manasses Kuria na mkewe walikuwa wamechomwa kabla yake, na Bob Collymore wa Safaricom na Ken Okoth, mbunge wa Kibra, wakafuata mwaka 2019, lakini katika nyumba nyingi za Nairobi kulitaja jambo hilo mezani bado ni kama kutukana. Mwalimu wa sayansi anaweza kuweka kando ya jeneza lile maswali yake mwenyewe: mbao kiasi gani, kuni au gesi kiasi gani, ardhi kiasi gani.

Ardhi ndiyo hesabu ambayo jiji limeshindwa kuifanya. Makaburi ya Lang'ata yamekuwa yakitangazwa kuwa yamejaa kwa miongo kadhaa, na bado watu wanazikwa. Kuna kaburi la kudumu na kaburi la muda, na mwenye la muda hupata mwenzake baada ya miaka. Baraza la jiji lilipotafuta mahali pengine, lilinunua ekari 120 Mavoko kwa shilingi milioni 283. Ardhi ikawa ya mawe, haichimbiki kaburi. Kashfa ikalipuka mwaka 2010, vigogo wakafikishwa kortini. Darasa la uraia haliwezi kupata mfano mwepesi kuliko huo wa kueleza zabuni, tathmini na wizi. Kila mtoto anajua kaburi linahitaji udongo.

Kuhusu kumbukumbu, safari moja ya Jumamosi katikati ya jiji inatosha. Nisingewapeleka watoto kwenye sanamu zote. Ya Dedan Kimathi, mpigania uhuru, waione, kwa sababu ni ya mtu aliyenyongwa Kamiti Februari 18, 1957, na familia yake haijapewa kaburi mpaka leo. Sanamu ilizinduliwa miaka 50 kamili baadaye. Ya mwanasiasa Tom Mboya waipite wakipiga picha. Wakae zaidi kwenye bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, mahali palipokuwa ubalozi wa Marekani, ambapo majina ya waliouawa kwa bomu mwaka 1998, watu 213 hapa Nairobi, yamechongwa ukutani. Kuingia hulipiwa kiasi kidogo. Waulizwe kama ni sawa kulipia, na kama si sawa, mtunza bustani alipwe na nani.

Kisha walinganishe vitu viwili ambavyo havijawahi kuwekwa pamoja katika kitabu chao. Kwenye Kenyatta Avenue kuna mnara wa askari wa shaba, uliosimikwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika waliopigana na wapagazi waliobeba mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Mnara hauna jina la hata mmoja wao. Nje kidogo, Barabara ya Ngong, yako makaburi ya vita vya pili, karibu mawe 2,000 yaliyonyooka katika nyasi zinazokatwa kila wiki, na takriban kila jiwe lina jina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba Waafrika na watu wengine wa makoloni waliokufa katika vita vya kwanza hawakukumbukwa sawa na wazungu, na ikaomba radhi. Mwanafunzi atembee kwenye mistari ile na daftari, aandike majina matano. Halafu arudi mjini ajaribu kuandika matano ya wapagazi.

Yapo mambo ya kuangalia, na mwalimu asiyeyaangalia aache somo hili kabisa. Darasa la watoto 50 Dagoretti lina yatima ndani yake, pengine lina mtoto aliyezika wiki iliyopita. Septemba 23, 2019, darasa la shule ya Precious Talents, Ng'ando, liliporomoka asubuhi na kuua watoto wasiopungua saba. Wenzao waliokuwa kwenye madawati yale leo ni vijana. Mwalimu aulize kwanza, kwa faragha. Anayetaka kutoka nje atoke bila kutoa sababu, na bajeti iwe ya marehemu wa kubuni, kamwe isiwe ya jirani wa mtu. Mochari hakuna haja ya kwenda. Majeneza ya kando ya barabara wameshayaona.

Somo la mwisho ningelifanya la mkutano ambao kamati nyingi huuruka: ule wa baada ya mazishi, wa kufunga hesabu. Kabla ya maziko watu walikuwa 60 ukumbini, sasa wamekuja tisa. Wanafunzi waandike kumbukumbu zake kwa muundo ule ule wa mtihani. Mweka hazina anasoma: zilizoingia 537,000, zilizotumika nusu milioni, salio 37,000. Mmoja anapendekeza zijengee kaburi, mwingine zilipe karo ya kitinda mimba aliye kidato cha pili, wa tatu anasema aliweka mafuta ya gari kwa mfuko wake na hajarudishiwa. Binti wa marehemu anauliza kama mama yake alialikwa kwenye kikao hiki. Katibu anakagua orodha ya waliotuma udhuru, kisha ya waliokosa bila udhuru, na darasa liamue jina la mjane liandikwe wapi.